Ngeli ya Murdo Geddes

Saa kumi jioni, Desemba,
Dundee imeshaufunga mchana kama duka la mwenye safari.
Ghorofa ya pili ya maktaba, watu watatu na hita moja:
Ishbel, mstaafu wa posta,
Fergus, anayetafuna karoti mbichi,
nami, niliyetoka zamu ya alfajiri
kiwanda cha achari, vidole vikinuka siki.

Tunaandika saraka ya tovuti.
Kwa mikono. Tunafungua kila moja,
tunaisoma mpaka chini kabisa,
tunaipa mstari mmoja wa maelezo, tunaipangia chumba,
ili yeyote, hata asiye na kadi ya maktaba,
apite akichungulia.

Wajukuu wa Ishbel wanacheka: ya nini?
Andika neno, bonyeza, limekuja.
Lakini kutafuta kwataka ujue jina la ulichokipoteza,
na mimi nilipofika hapa sikujua jina la kitu.
Nilitaka mlango wenye kibao,
na nyuma yake milango mingine,
na ruhusa ya kukosea chumba.

Tumegombana, usidhani.
Nyuki: Wanyama au Chakula?
Mazishi: Huduma au Dini?
Siku Fergus alipozitia zumari za ngozi kwenye Kelele
Ishbel alipiga meza, chai ikamwagika juu ya Kilimo.

Kisha nikazikuta tovuti saba za watu wetu:
ratiba ya madrasa, Aberdeen;
mama wa Paisley na mkate wake wa sinia;
mtu anayekusanya vitendawili, hajasema yuko wapi.
Zote ndani ya Nyinginezo.
Ishbel hakuwa na ubaya. Nyinginezo ni uvungu wa kitanda:
kisichoitika jina husukumwa huko kwa mguu.
Nikazitoa moja moja, nikizipangusa vumbi.
Mkate wa sinia nikauweka kwenye Mikate,
bega kwa bega na mkate wa shayiri wa Orkney.
Basi. Hakuna aliyepiga meza.

Jumanne hii ikaja ya Murdo Geddes.
Vifuniko vya mitaro ya Dundee, mia nane na kumi na viwili,
kila kimoja na picha, mtaa, kiwanda kilichokisubu,
na chini, kwa herufi ndogo, hali ya hewa siku hiyo.
Vyuma, akasema Fergus. Historia. Wendawazimu.
Ishbel akaperuzi mpaka mwisho:
mpwa wake ameandika kwamba mjomba alifariki mwezi wa tisa,
ada imelipwa hadi Machi.

Basi tunamweka wapi?

Kwetu, nikasema, kitu hakipati hata sifa
kabla hakijapata ngeli.
Mti mrefu, kiti kirefu, jiti refu:
lazima ujue chumba ndipo ufungue mdomo.
Na mtu akifa? akauliza Ishbel.
Nikasita.
Kifo ni ki-. Kaburi ni li-.
Lakini marehemu hubaki a-.
Marehemu alisema. Marehemu ana deni. Marehemu ameacha ufunguo.
Udongo unamchukua, sarufi inakataa.

Ishbel akavua miwani.
Akaniomba niirudie ile herufi.
A, nikasema.
A, akajaribu,
kama mtu aliyeambiwa na daktari apanue kinywa,
na akakaa hivyo kidogo, kinywa wazi,
Fergus akisahau karoti yake hewani.

Tukamweka kwenye Watu, chini ya Wakusanyaji.
Maelezo niliandika mimi:
Murdo Geddes hupiga picha vifuniko vya mitaro.
Huinama. Hutaja mvua.
Fergus alitaka «alipiga». Ishbel alimtazama tu.

Nikashuka Nethergate kuwahi basi, theluji ikigeuka tope.
Mbele ya duka la viatu unyayo wangu ukasimama hewani:
duara la chuma, nyota katikati, mwaka umefutika.
Ukurasa wa tisa, kushoto.
Manyunyu, upepo wa mashariki.
Nikakizunguka. Basi likanipita.